Mawese yaliyosimama

Shangazi alikuwa anaengua mafuta kwenye pipa nilipomwonyesha picha ile. Alifuta mikono kwenye kanga, akaishika simu yangu kwa ncha za vidole asije akaipaka, akaitazama kwa muda mrefu huku moshi wa makapi ukitupitia usoni.

Kwenye picha kulikuwa na sanamu ya mtu. Kahawia iliyokoza, inang'aa kidogo mabegani, kama mtu aliyetoka kuoga sasa hivi.

"Mti gani huu?"

"Si mti, shangazi. Ni kokoa na mawese."

Alinitazama kama nimemtania. "Mawese hayasimami, mwanangu."

Na yeye anayajua. Amekamua chikichi tangu kabla sijazaliwa, nje kidogo ya Mwandiga, Kigoma. Akanieleza polepole: asubuhi utayakuta yameganda kwenye dumu, unayachota kwa kijiko kama siagi, lakini jua likishapanda yanayeyuka. Ukiyajengea mtu, mchana huna mtu.

Nikamwambia yamechanganywa na kokoa, yanatunzwa kwenye vyumba vya baridi Ulaya na Marekani, na kuna watu wanayanunua. Waliotengeneza ni Wakongo. Si hawa wa ng'ambo ya ziwa ambao milima yao tunaiona jua likizama. Ni wa mbali, magharibi kabisa, mahali panapoitwa Lusanga, kwenye mto Kwilu. Hela wanayopata wananunulia mashamba.

"Mashamba ya nani?"

"Ya kwao. Yaliyochukuliwa enzi za babu zao."

Alisogeza kuni. Akaengua mara mbili, mara tatu.

"Kwa hiyo wanatengeneza watu wauze, ili wanunue shamba lao wenyewe."

Akanirudishia simu. Mkoba wangu ulikuwa umetundikwa kwenye msumari mlangoni, na ndani yake kulikuwa na karatasi niliyotumwa na kaka zangu kutoka Dar.

Siku ile sikuitoa.

Zimepita wiki sita. Sentensi ya shangazi imekataa kutoka kichwani, ndiyo maana naandika.

Mche wa sabuni

Picha yenyewe nilikuwa nayo kwenye simu tangu 2024. Rafiki yangu alikuwa Venice mwaka huo, kwenye maonesho makubwa ya sanaa ya Biennale, akaingia banda la Uholanzi na kukuta limejaa kazi za wakulima wa Kongo. Alinitumia picha kadhaa na ujumbe mmoja: "Hawa ni watu wa mawese kama nyinyi."

Nilidhani nimeelewa. Sikuwa nimeelewa.

Wengi wetu tulikua na vitu vya kampuni ya Unilever nyumbani: sabuni bafuni, Blue Band kwenye mkate wa chai ya asubuhi. Mwanzo wake ni muuza sabuni wa Kiingereza, William Lever. Kuanzia 1888 aliwajengea wafanyakazi wake mji mzuri karibu na Liverpool, wenye nyumba imara na bustani, akauita Port Sunlight kwa jina la sabuni yake. Sabuni inataka mafuta, na mafuta yalikuwa kwetu. Mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji ikampa maeneo matano ya Kongo, kila eneo duara la kilomita 60 kutoka katikati hadi ukingoni, na ndani ya maduara hayo haki ya kujipatia mpaka hekta 750,000. Lusanga ikabatizwa jina jipya: Leverville.

Hapo ndipo shangazi angeuliza: kwani michikichi ile haikuwa na wenyewe?

Ilikuwa nao. Watu walikuwa wanapanda juu ya michikichi yao, wanakata mikungu, wanakamua, wanakula na kuuza. Ghafla mkungu ule ule ukawa wa kampuni, na aliyeukata akawa kibarua. Kodi, mikataba ya lazima na askari ndivyo vilivyompandisha juu ya mti. Wanahistoria wameandika mengi kuhusu kazi ile ya kulazimishwa, na sitayarudia yote hapa.

Kinachonisumbua mimi ni jengo. Mwaka 1922, Lever alifungua pale Port Sunlight jumba la sanaa lenye jina la marehemu mke wake, Lady Lever Art Gallery. Ni jumba zuri, lina picha za kuchora na vinyago vya thamani, na lipo mpaka leo. Na miaka mingi baadaye, kuanzia 2000 hadi 2012, kampuni iliyozaliwa na ile yake, Unilever, ilidhamini kazi kubwa za sanaa katika ukumbi wa Tate Modern mjini London, mwaka baada ya mwaka, zikibeba jina la kampuni.

Kwa hiyo mawese yalikuwa yanajenga majumba ya sanaa siku nyingi. Ila hayakuyajenga kule yalikokamuliwa.

Udongo kwanza

Umoja wa wale wasanii wa Lusanga unaitwa Cercle d'Art des Travailleurs de Plantation Congolaise, yaani umoja wa sanaa wa wafanyakazi wa mashamba wa Kongo, kwa kifupi CATPC. Ulianza 2014. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa René Ngongo, mwanabiolojia na mtetezi wa misitu wa Kongo. Wengine ni watu waliokulia ndani ya mashamba yale au pembeni mwake: Irène Kanga, Ced'art Tamasala, Mbuku Kimpala, Matthieu Kasiama na wenzao.

Wanaanza na udongo wa kwao, wanaufinyanga kwa mikono. Sanamu ikishakauka inapigwa picha kwa mashine kila upande, umbo lake linahifadhiwa kwenye kompyuta, na umbo hilo linatumwa Ulaya kama unavyotuma picha. Kule inatengenezwa kalibu, kisha inamiminwa chokoleti, au kokoa iliyochanganywa na mafuta ya mawese. Sanamu nyingi zilimiminwa Amsterdam, bandari inayoongoza duniani kwa kupokea kokoa.

Nilipomweleza shangazi hatua hizi, aliuliza kitu ambacho sikukitarajia. "Udongo unabaki kwao?"

Ndiyo. Udongo unabaki Lusanga.

"Afadhali," alisema.

Nimelifikiria sana lile "afadhali". Mazao yote tunayoyaita ya biashara hufanya safari ya aina moja: kinachoondoka ni kitu chenyewe, na kinachobaki ni makapi. Kyela, ambako kokoa yetu nyingi hutoka, mtoto anaijua kokoa kwa ule utando mweupe mtamu anaoufyonza akitema mbegu. Ile mbegu anayoitema ndiyo inayosafiri. Ikirudi imefungwa karatasi ya kung'aa, na bei yake haimhusu tena yeye wala mama yake. Watu wa Lusanga wamegeuza safari hiyo. Kinachosafiri ni umbo tu, jepesi kuliko gunia lolote, na kokoa inayolipa gharama ni ile iliyokwisha kuvuka bahari.

Halafu kuna zile nyuso. Kazi moja ya Irène Kanga inaonyesha mwanamke wa Kipende, kabila moja la Kongo, akishikwa kwa nguvu na mzungu wa utawala. Ameifinyanga bila kuficha chochote. Imetengenezwa kwa kitu ambacho pua inakikaribisha kabla macho hayajaona ni nini. Rafiki yangu aliniambia harufu ndiyo iliyompokea mlangoni, harufu ya duka la peremende, akasogea akitabasamu, kisha akasimama.

Picha za kutoka angani

Niliporudi Dar nilitumia usiku mwingi kutafuta wasanii wengine walioshika jambo hili la chakula na mashamba makubwa. Nyingi ni picha za kutoka juu. Msanii mmoja, Mishka Henner, alikusanya picha za setilaiti za maboma ya kunenepeshea ng'ombe kule Texas, Marekani. Maelfu ya ng'ombe wanaonekana kama pilipili manga iliyomwagika, na pembeni kuna bwawa la kinyesi lenye rangi ya kidonda. Ni picha kali. Lakini nilizitazama nikabaki na hisia ya mtu aliye kwenye ndege: naona kila kitu na hakuna anayeniona.

Nyingine niliyokaa nayo ni ya Kara Walker, Mmarekani mweusi. Mwaka 2014, ndani ya kiwanda cha sukari kilichofungwa huko Brooklyn, New York, alijenga mwanamke mkubwa kuliko nyumba, amelala kama yule simba wa Misri mwenye kichwa cha mtu, amefunga kilemba, mweupe wote kwa sukari. Miguuni pake kulikuwa na watoto wa rangi ya molasi wakibeba vikapu. Baadhi yao waliyeyuka na kuanguka maonesho yakiendelea. Sukari yenyewe ilitolewa na kampuni ya sukari. Baada ya wiki chache yule mwanamke alibomolewa, na eneo lile leo lina maghorofa.

Kazi ile ilinitoa machozi. Lakini ardhi ilibaki kwa wenye nayo.

Hapa ndipo nilipoanza kutofautiana na mimi wa zamani, niliyeamini kwamba sanaa ikishakufanya uone, kazi yake imekwisha. Mimi nimeona mengi. Nimeona picha za misitu ya Indonesia iliyofyekwa kwa ajili ya michikichi, nimehuzunika, na jioni yake nimekaanga kwa mafuta ya dumu la njano kutoka huko huko, kwa sababu ndiyo yaliyopo dukani na ndiyo ninayoyamudu.

Chumba cheupe

Nisiseme kama nina uhakika na hawa wa Lusanga pia. Nina mashaka, na nitayataja.

La kwanza: aliyefungua milango ni mzungu, msanii wa Kiholanzi Renzo Martens. Yeye ndiye mwenye marafiki kwenye makumbusho, ndiye aliyejua nani apigiwe simu. Mwaka 2017 lilijengwa pale Lusanga, katikati ya shamba la zamani la kampuni, jumba jeupe la sanaa lililochorwa na OMA, ofisi ya wasanifu wa Uholanzi yenye sifa duniani. Kuta nyeupe kama zile za New York, na nje muhogo na vumbi. Nilipoliona mara ya kwanza nilikasirika. Nikasema: mtu ana njaa, unamjengea ukumbi?

La pili: wanunuzi. Chokoleti iliyo na umbo la maumivu ya mtu, mezani kwa tajiri. Je, haiwezekani ikawa ni kumla yule mtu mara ya pili?

Mashaka haya sikuweza kuyamaliza kwa kusoma. Yaliyeyuka kidogo niliporudi kwenye swali la shangazi, la mashamba ya nani. Kwa mapato ya sanamu, watu wale wamenunua mamia ya ekari za ardhi iliyochoshwa na zao moja. Wanapanda humo michikichi, kokoa, miti ya matunda na chakula cha nyumbani, vyote pamoja, na msitu unaanza kurudi. Shangazi nilipomwonyesha picha ya shamba hilo alilitazama kuliko alivyozitazama sanamu. Alikuza picha kwa vidole viwili, akahesabu.

"Muhogo chini, mchikichi katikati, huu mrefu siujui. Hili shamba lina mtu."

Sijawahi kusikia mhakiki wa sanaa akisema kitu kilichonitosheleza kama hicho.

Nikaelewa pia kwa nini walitaka jumba liwe pale pale. Kama mawese yao yalijenga majumba ya sanaa Uingereza, na majumba hayo yakavuta wageni, shule, hoteli na heshima, basi wanadai moja liwe kwao, na heshima ianzie kwao, na hela izungukie kwao. Madai hayo ni ya haki. Hasira yangu ilikuwa ya mtu aliyezoea kuona watu wake wakiomba chakula peke yake.

Mgeni wa miezi michache

Kuna sanamu moja ambayo si ya chokoleti. Ni ya mti, ya mwaka 1931.

Mwaka huo bei ya chikichi ilishushwa lakini kodi haikushuka, na Wapende wakaasi. Ofisa mmoja wa Kibelgiji, Maximilien Balot, akauawa. Jeshi likaja, na mamia ya Wapende wakauawa. Ndipo fundi mmoja akachonga mti wenye sura ya Balot, ili roho yake iliyokufa kwa hasira ishikwe humo, isizunguke kijijini, itumike kuwalinda watu.

Mwaka 1972 sanamu ile iliuzwa kwa msomi wa Kimarekani, na tangu 2015 ni mali ya jumba la makumbusho la Virginia, mjini Richmond. Watu wa Lusanga waliiomba. Mwaka 2022 walifika mahali pa kutengeneza nakala zake za kidijitali na kuziuza mtandaoni wapate hela ya ardhi, na makumbusho hayakufurahi. Hatimaye, 2024, makumbusho yaliwakopesha. Kwa miezi ile ya Biennale, Balot alikaa ndani ya jumba jeupe la Lusanga, na kamera ilikuwa inawaonyesha watu wa Venice, moja kwa moja, kinachoendelea kule.

Kisha akarudishwa Marekani.

Sijui neno la kulitumia kwa hali ya mtu kuazimwa kitu cha babu yake na kutakiwa akirudishe kwa tarehe. Ninachojua ni kwamba niliposoma habari hiyo nilisimama, nikaenda kabatini, nikatoa ile karatasi ya kaka zangu.

Namba ya babu

Babu yangu alikuwa manamba. Kama wanaume wengi wa Buha alipelekwa Tanga kukata mkonge, na huko alikuwa na namba na kipande. Mkonge wenyewe ulikuja 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62. Michikichi ya Asia nayo ilianza na miche 4 iliyopandwa bustani ya Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848. Nayasema haya kwa sababu huwa tunazungumza kuhusu mashamba makubwa kama mvua, kama kitu kilichoshuka tu. Kumbe yana mwanzo unaoweza kuuhesabu kwa mkono, na kila mche ulikuwa na mtu aliyeuleta na mtu aliyelazimishwa kuupalilia.

Babu alirudi na hela kidogo na mgongo mbovu. Alipanda michikichi kwenye ekari nne, mmoja mmoja, katikati ya muhogo na migomba. Alikuwa akisema mkonge hauliwi. Hilo tu. Hakutusimulia Tanga, alitupandia kitu kinacholiwa.

Ekari hizo ndizo zilizomo kwenye karatasi.

Kuna mtu anakusanya mashamba upande ule, anataka yaungane yawe shamba moja kubwa la michikichi ya kisasa. Bei yake si mbaya. Kaka zangu wana watoto vyuoni, na hakuna kati yetu anayeishi Kigoma. Shangazi anatumia shamba lakini kwa mila zetu hawezi kulizuia peke yake. Wanahitaji tu aweke dole gumba kwamba ameridhika. Mimi ndiye ninayeelewana naye zaidi, kwa hiyo nilitumwa mimi.

Nilikuwa nimekubali. Nataka hilo liwe wazi. Nilipanda basi Dar nikiwa nimekubali, na maneno ya kumlainisha nilikuwa nimeyapanga njiani.

Halafu nikatoa simu nimwonyeshe picha, ili tu mazungumzo yapate pa kuanzia.

Nilikaa siku nne. Kila jioni nilijiambia kesho. Tulikula ugali wa muhogo na migebuka iliyoungwa kwa mawese, akanisimulia mchikichi upi babu aliupanda mwaka aliozaliwa baba, upi hauzai vizuri lakini hakutaka ukatwe kwa sababu ya kivuli. Asubuhi ya mwisho, kabla jua halijatoka, alinijazia chupa ya lita moja na nusu. Mawese yalikuwa yameganda, ikabidi ayasogeze motoni kidogo yapite kwenye shingo ya chupa.

"Funga sana," aliniambia. "Sasa hivi yamelala. Ukifika Dodoma yataamka."

Karatasi

Yaliamka. Nilifungua mkoba Dar na kukuta kifuniko kimelegea, na mafuta yameingia kwenye bahasha. Karatasi imekuwa nyekundu kuanzia katikati kushuka chini, laini, unaona mwanga upande wa pili. Majina ya mipaka yanasomeka. Mahali pa sahihi zetu na pa dole gumba lake ndipo palipolowa zaidi.

Nilijaribu kalamu juu yake. Wino haushiki.

Nimeiweka kwenye meza ninapoandikia. Asubuhi, feni ikiwa imezunguka usiku kucha, mafuta yanakuwa mazito kidogo na karatasi inasimama ukiishika. Mchana inalegea.

Kaka mkubwa alipiga juzi. Nilimweleza yote, Lusanga, Balot, ekari walizonunua, na swali la shangazi. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza, na namshukuru kwa hilo. Kisha akasema hela ya ada haingoji sanamu, na ana haki ya kusema hivyo. Amesema atachapisha karatasi nyingine.

Nimemwambia safari hii aipeleke mwenyewe, afike kabla jua halijatoka, akae na shangazi pale kwenye pipa.